Dume namba 1427381

Mama mmoja wa Hai, mkoani Kilimanjaro, alinipigia simu mara ya tatu kwa ng'ombe yuleyule. Nilipofika nilimkuta mlangoni mwa banda, kanga kiunoni, ndoo ya pumba mkononi, na chai siku hiyo haikutajwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Daktari, amerudia tena. Hiyo ni mbegu kweli, au unatuwekea maji?"

Mimi si daktari. Ni mhimilishaji, mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu iliyogandishwa, ila huku kwetu yeyote anayeshuka kwenye pikipiki na mtungi wa naitrojeni huitwa daktari, na lawama za daktari hubebeshwa yeye. Nikaanza maswali ya kazi. Joto ulimwona saa ngapi? Jana jioni, alikuwa analia na ute umeshuka. Anakula nini? Migomba, majani, pumba, jiwe la chumvi. Alizaa lini? Kondo lilitoka lenyewe? Yote aliyajibu bila kusita, maana ng'ombe anayelala hatua kumi kutoka jikoni hana siri. Nikafika kwenye swali la mwisho: mama yake huyu alipandishwa na dume gani?

"Friziani."

Friziani yupi?

"Daktari, Friziani ni Friziani. Mweusi na mweupe."

Ng'ombe kurudia joto, yaani kutaka dume tena kwa kuwa mimba haikushika, kuna sababu nyingi, na karibu zote ni za kila siku: amepandishwa mapema mno au amechelewa, amekonda, ana maambukizi kwenye mji wa mimba, mbegu iliguswa na joto kabla ya kuingia. Aliyeonekana jioni hupandishwa asubuhi yake, kwa hiyo saa ilikuwa sawa. Nilimhudumia, nikamwambia ahesabu siku 21, nikaondoka. Ila lile swali lisilo na jibu lilinikumbusha kisa ninachowasimulia wenzangu wa mtungi kila tukikutana. Kinahusu dume wa Kimarekani ambaye karatasi zake zilikuwa kamili, nukta hadi nukta, na bado alisababisha ng'ombe wasio na idadi kurudia joto kwa zaidi ya miaka 30 bila mtu kujua kwamba ni yeye.

Jina na karatasi

Anaitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Alizaliwa 1962 katika jimbo la Nebraska, na kwenye daftari la nasaba la chama cha wafugaji wa Holstein cha Marekani (Holstein ndio hao tunaowaita Friziani) ameandikwa kwa namba 1427381. Urefu wa jina hilo una kazi yake. Mwanachama huandikisha chamani jina la shamba lake, nalo hutangulia jina la kila ndama anayemzalisha. Mwingine haruhusiwi kulitumia. Anayesoma "Pawnee Farm" anajua ndama alitokea kwa nani. "Arlinda" nalo ni la shamba lililoko California. Jina la ng'ombe huyu ni kama la mtu anayetajwa kwa ukoo wa baba na kwa kijiji alikohamia.

Chama chenyewe kina umri. Mwaka 1852 Winthrop Chenery, mkazi wa Belmont karibu na Boston, alinunua ng'ombe jike kutoka meli ya Waholanzi, ng'ombe aliyekuwa akiwapa mabaharia maziwa safarini. Akampenda, akaagiza wengine. Shehena ya 1859 ikamletea na homa ya mapafu, ugonjwa uleule unaotusumbua huku hadi leo, na zizi lake likateketezwa. Hakukata tamaa, akaagiza tena. Mwaka 1871 wafugaji wa ng'ombe hao waliunda chama cha kutunza nasaba, na 1885 chama hicho kiliungana na mahasimu wake, waliokuwa na daftari lao la ng'ombe walewale chini ya jina la Friesian. Mpaka leo makao yake ni Brattleboro, mji mdogo wa Vermont.

Muungano ule mimi nauona kuwa huduma ya kwanza kabisa ya chama. Madaftari mawili ya ng'ombe wa aina moja ni sawa na kutokuwa na daftari, kwa sababu dada anaandikwa huku na kaka kule, na undugu wao unapotea katikati.

Kwa miaka mingi fomu ya kuandikisha ndama ilikuwa na michoro miwili mitupu ya ng'ombe, mmoja ubavu wa kushoto, mwingine wa kulia. Mfugaji alikaa na kalamu mbele ya ndama akajaza mabaka: hapa jeusi begani, hapa doa jeupe kwenye paji la uso, mguu wa nyuma mweupe mpaka gotini. Hakuna Holstein wawili wenye mabaka yanayofanana, kwa hiyo mchoro ule ulikuwa alama ya kidole. Huwezi kumuuzia mtu ng'ombe mwingine kwa cheti kile. Baadaye zilikuja picha, kisha hereni za namba, siku hizi vipimo vya vinasaba vinavyothibitisha baba na mama. Mimi napenda michoro. Nimeona nakala za zamani ambazo mkono wa mfugaji ulitetemeka na mstari ukaruka, nawe unajua kwamba ndama hakutulia.

Ndama aliyezaliwa mwekundu na mweupe alikataliwa katika daftari hilo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baba Holstein, mama Holstein, maziwa yaleyale, kosa lake rangi. Nakitaja hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi chama kinavyoweza kukesha kulinda kitu kisicho na madhara huku chenye madhara kikipita mlangoni na cheti mkononi.

Jinsi dume mmoja anavyokuwa baba wa wote

Mtu akiuliza chama cha aina ya ng'ombe kinamfanyia nini mwanachama, wengi watataja cheti. Cheti ni mlango tu. Nyuma yake kuna kazi tatu zilizomfanya Chief awe Chief.

Ya kwanza ni maziwa kupimwa. Mtu wa nje, asiye mwenye ng'ombe, hufika kila mwezi na mizani, hupima maziwa ya kila jike na kuchukua sampuli ya mafuta. Namba zinakwenda kwenye kumbukumbu za pamoja zinazolisha wizara na vyama. Ya pili ni kukagua maumbile, kazi ambayo chama hiki kimeifanya tangu 1929. Mkaguzi anamtazama jike aliyekwisha kuzaa, anampa alama. Kuanzia 90 ni bora kabisa, 85 hadi 89 ni mzuri sana, na kushuka. Katika alama hizo kiwele peke yake kina 40%. Miguu na kwato zina 20%, na mwili wa kimaziwa 20% nyingine. Mtu wa nje anaweza kudhani ni mashindano ya urembo. Anayekamua atakwambia kwamba kiwele kinachoning'inia chini ya goti kitakanyagwa, na miguu mibovu inamtoa ng'ombe zizini mapema kuliko ukame.

Ya tatu ndiyo roho ya mambo: kuunganisha. Dume hana maziwa. Utamjua kwa binti zake tu, na binti zake wametawanyika kwenye mashamba mia katika majimbo 20. Bila daftari linalosema huyu na huyu na huyu ni wa baba mmoja, mizani ile ni karatasi za kufungia karanga. Kwa daftari, unaweza kulinganisha binti za dume huyu na za dume yule, wanaokula chakula kilekile katika mwaka uleule, na kusema huyu anaongeza maziwa. Chama kikajumlisha maziwa na maumbile katika faharasa moja, na madume wakapangwa kwa namba, wa kwanza mpaka wa mwisho.

Mashindano ya vijana, maonyesho na tuzo nayaruka. Ni mazuri na yanaleta watoto chamani, ila hayahusiki hapa.

Sasa chukua mpangilio huo wa madume, uweke pamoja na mbegu iliyogandishwa. Dume wa kijiji akiwa na nguvu anahudumia ng'ombe 40 au 50 kwa mwaka. Dume wa kituo cha uhimilishaji, mbegu yake ikigawanywa mirija, anafikia maelfu, na anaendelea kuzaa baada ya kufa. Binti za Chief walikamua. Namba zikasema hivyo, orodha zikasema hivyo, na kila mwenye akili akaagiza Chief, kisha akaagiza wana wa Chief, na wajukuu. Watafiti wamehesabu binti 16,000, wajukuu majike 500,000 na vitukuu zaidi ya milioni 2. Karibu 14% ya vinasaba vya Holstein wa Marekani vilikadiriwa kuwa ni vyake. Ukifuata nasaba ya madume wa uhimilishaji wa huko, baba wa baba wa baba, karibu wote wanaishia kwa Chief au kwa Elevation, dume wa Virginia aliyezaliwa 1965. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State walisonga mbele zaidi na kukuta kwamba mistari hiyo ya kiume inatokana na madume wawili tu waliozaliwa 1880.

Marekani ina ng'ombe wa maziwa wapatao milioni 9, na wengi wao ni Holstein. Ukiwatazama malishoni ni bahari. Ukitazama daftari ni ukoo mmoja uliooana.

Kitu kilichosafiri na maziwa

Katika kromosomu ya 5, kwenye jeni inayoitwa APAF1, Chief alikuwa na herufi moja ya vinasaba iliyobadilika. Jeni hiyo hutengeneza protini inayosimamia seli zife kwa wakati wake mwili unapojengwa. Ajabu ni kwamba kiumbe hakijengeki bila baadhi ya seli zake kufa kwa mpango, kama fundi asivyomaliza nyumba bila kubomoa jukwaa alilosimamia. Badiliko la Chief linaikata protini njiani. Mwenye nakala moja nzima na moja mbovu hana shida yoyote: anakua, anakamua, anashinda maonyesho. Mwenye nakala mbili mbovu hazaliwi. Anafia tumboni, mara nyingi mapema.

Kwa hiyo Chief hakuwa na dalili. Nusu ya watoto wake walirithi nakala mbovu, nao hawakuwa na dalili. Hasara ilianza pale damu yake ilipokutana na damu yake: mwanawe dume kwa mjukuu wake jike, mjukuu kwa kitukuu. Wabebaji wawili wakikutana, mimba moja kati ya nne inapotea.

Tazama inavyojificha. Tuseme una zizi ambalo mara 100 za kupandisha hukupa mimba 32, kiwango cha kawaida kwa Holstein wanaokamuliwa sana. Unaleta dume mbebaji kwa majike ambao baba yao alikuwa mbebaji. Nusu ya majike hao wamerithi, kwa hiyo kiinitete kimoja kati ya vinane kinakufa. Mimba 32 zinakuwa 28. Nani ataona nne? Mfugaji atalaumu joto la kiangazi, au chakula, au mhimilishaji. Hakuna ndama aliyezaliwa na vichwa viwili wa kupigia kelele. Kuna ng'ombe aliyerudia joto tu, na ng'ombe kurudia joto ni habari ya kila siku. Pale bandani Hai mimi ndiye niliyelaumiwa. Najiuliza wahimilishaji wangapi wa Wisconsin walinyimwa chai kwa ajili ya Chief.

Chama kilikuwa na utaratibu wa kasoro za kurithi, na tena wa zamani. Ndama asiye na manyoya, ndama mwenye kwato moja isiyopasuka kama ya punda, ndama mfupi wa kutisha: mwanachama anapaswa kutoa taarifa, na dume aliyethibitika anawekewa alama ya herufi mbili mbele ya macho ya wote. Utaratibu huo ulikuwa umeshafanya kazi kubwa. Mwaka 1992 kilipatikana kipimo cha ugonjwa ambao ndama wake huandamwa na maambukizi wakafa wakiwa wadogo, kwa kuwa chembe nyeupe za damu haziwezi kutoka kwenye mishipa kwenda kupigana. Chanzo kilikuwa Osborndale Ivanhoe, dume maarufu aliyezaliwa 1952, na wakati huo madume wa uhimilishaji waliobeba kasoro hiyo Marekani walikuwa karibu 14%. Aliyebeba akaandikwa BL, aliyepimwa akawa salama TL, na katika vizazi vichache tatizo likafifia. Karibu na mwaka 2000 Wadenmaki waligundua ndama wafu wenye shingo fupi na miguu iliyopinda, na njia ikaishia kwa Carlin-M Ivanhoe Bell, dume mwingine aliyetapakaa dunia nzima. Alama CV na TV zikaongezwa.

Utaratibu huo, hata hivyo, ulihitaji mzoga. Ulihitaji mtu wa kuinama zizini na kusema, njooni muone. Chief hakuacha mzoga.

Kuhesabu wasiokuwepo

Mwanzo wa ufumbuzi ni chipu iliyoingia sokoni karibu na 2007, inayosoma alama zaidi ya 50,000 za vinasaba kwa tone la damu au unywele. Vyama, vituo vya mbegu na wafugaji wakaanza kupima kwa wingi, kwa sababu ya biashara tu: walitaka kujua ubora wa ndama dume bila kusubiri miaka mitano binti zake wakamuliwe. Takwimu zikajaa kwenye maabara ya wizara ya kilimo kule Beltsville, Maryland.

Pale ndipo Paul VanRaden na wenzake, mwaka 2011, walipofanya kitu ambacho kila nikikifikiria nafurahi upya. Hawakutafuta ng'ombe wagonjwa. Walichukua ng'ombe wazima tu, Holstein 58,453, pamoja na ng'ombe wa aina ya Jersey na Brown Swiss, wakauliza: ni vipande gani vya kromosomu vinavyoonekana mara nyingi kwa nakala moja, lakini hakuna hata mnyama mmoja aliye hai mwenye nakala mbili? Walikokotoa kutoka kwenye nasaba ni wangapi walipaswa kuwepo. Kwa vipande walivyovishuku, idadi iliyotarajiwa ilikuwa kati ya wanyama 7 na 90. Waliopatikana: sifuri.

Hiyo sifuri ndiyo mizoga. Ni kama mwalimu anayeita majina asubuhi na kugundua kwamba katika kila familia ya aina fulani kuna mtoto mmoja ambaye hajawahi kufika shule, wala hakuwahi kuandikishwa.

Wakarudi kwenye kumbukumbu za kupandisha, karibu milioni 15 za Holstein peke yao, wakalinganisha. Pale dume mbebaji alipokutana na binti wa mbebaji, mimba zilipungua kama 3 katika kila mara 100 za kupandisha, karibu na hesabu ya zizi letu la kufikirika. Vipande vitatu vya Holstein vikathibitika, vikapewa majina makavu: HH1, HH2, HH3. Wabebaji katika kundi la wakati huo walikuwa kati ya 2.7% na 6.4% kwa kila kimoja. Jersey nao walikutwa na chao, na kwao wabebaji walikuwa wamezidi 20% kwa miaka mingi. HH1 ilipofuatwa nyuma kwenye nasaba, ikapanda kizazi baada ya kizazi mpaka kwa namba 1427381. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililomhusisha Harris Lewin, mtaalamu wa vinasaba, likatangaza herufi yenyewe iliyoharibika katika APAF1, na makadirio yaliyosambaa kote: mimba 525,000 zimepotea duniani katika miaka 35, hasara ya dola milioni 420.

Kazi hiyo haikufanywa na chama. Sifa ni ya maabara ya serikali na vyuo. Lakini ondoa daftari ulione: una chipu, una vinasaba, una sifuri, na huna wa kumfuata. Kilichoruhusu mtu kusema "walipaswa kuwa 90" ni mkono wa mfugaji mmoja, miaka ya sitini, ulioandika baba na mama kwenye fomu na kujaza mabaka.

Kumfuta au kumwandika

Hapa chama kilikuwa na uamuzi wa kufanya, na ninavyouona mimi kiliamua vema, ingawa sikisifii bila kipimo. Mtu mwenye hasira angesema wabebaji wote waondolewe. Watafiti walewale waliohesabu hasara walihesabu na faida: maziwa ya ziada yaliyotokana na Chief katika miaka hiyohiyo yalikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 30, zaidi ya mara 70 ya hasara. Kuchinja nusu ya ukoo kwa ajili ya herufi moja kungekuwa ni kuchoma shamba ili kumfukuza panya. Chama kikaongeza alama: HH1C kwa mbebaji, HH1T kwa aliyepimwa akawa hana. Ng'ombe anabaki daftarini, cheti chake hakifutwi, ila alama inakaa mbele ya jina lake na muuzaji hawezi kuikwangua. Programu za kupanga upandishaji ambazo chama huwauzia wanachama hukagua alama hizo na kukataa ndoa ya mbebaji kwa mbebaji, kama zinavyokagua undugu uliokaribiana mno.

Sasa lawama. Chama ni cha wanachama, na wenye sauti humo ni wale wanaouza madume na mbegu. Kila alama mbaya ni bei inayoshuka. Chama cha namna hiyo kinajua kutangaza aliye juu ya orodha kuliko kusema orodha yenyewe imekuwa nyembamba. Hesabu ya undugu ilikuwa mikononi mwao muda wote. Aliyekaa na daftari lile jioni moja angeona kwamba Chief yuko kila ukurasa. Watafiti wamekadiria kwamba Holstein wa Marekani, kwa utofauti wa vinasaba walionao, ni kama wametokana na wanyama wasiofika 50. HH1 imepimwa na inadhibitika. Orodha iliyoizaa inaendelea kupanga madume, na tangu chipu zije inawapanga kwa kasi zaidi.

Tena hasara na faida hazikumwangukia mtu mmoja. Dola bilioni 30 ziligawanyika kwa viwanda, wanywaji na wauza mbegu. Mimba zile zilikuwa za fulani na fulani, kila mmoja na ng'ombe wake, akilipa huduma ya pili, ya tatu, na kumlisha ng'ombe mkavu kwa miezi.

Hai, tena

Mrija wa mbegu una nafasi ndogo ya maandishi. Utasoma jina la dume, namba, kituo, tarehe. Herufi za TL, TV na HH1T hazimo humo. Zimo kwenye katalogi, na katalogi aghalabu inabaki dukani au kwenye simu ya muuzaji. Nilipoanza kazi sikuziuliza. Nilisoma maziwa na urahisi wa kuzaa, nikafunga. Siku hizi naziuliza, na muuzaji mmoja alinitazama kama mtu anayeuliza kabila la mchele.

Kenya wana daftari la nasaba kitaifa, tangu enzi za walowezi, na mfugaji mdogo anaweza kuanza na ng'ombe asiye na nasaba, akipanda daraja kizazi baada ya kizazi mpaka nasaba kamili. Ni mpango wa busara, kwa kuwa haumdai mtu karatasi za bibi yake ng'ombe. Huku kwetu mkulima wa ng'ombe wawili anachoweza kuanza nacho kesho ni daftari la shule la shilingi mia chache.

Ng'ombe wa yule mama hakurudia. Nilirudi baada ya miezi mitatu, nikavaa glovu, nikapima: mimba. Sidai kwamba Chief alihusika na zile mara mbili za kwanza, wala kwamba nilimshinda. Huenda ilikuwa ni saa tu. Nilimwandikia kwenye jalada la daftari jina la dume, namba yake yote na tarehe, nikamweleza kwamba binti akizaliwa, siku akiingia joto, anionyeshe ukurasa huo kabla sijafungua mtungi.

"Kwa hiyo ndama ana cheti cha kuzaliwa," akasema, "na mimi nimekipata cha kwangu nikiwa na miaka hamsini."

Chai ilikuwepo siku hiyo. Ndama alikuja, jike, na mjukuu wa yule mama, wa darasa la tano, akapewa kazi ya mabaka. Nilipopita nilionyeshwa ukurasa: ng'ombe mwenye miguu minne ya mstatili, baka jeusi begani lenye umbo la embe, doa jeupe pajini mwa uso, na namba ya baba imenakiliwa chini kwa kalamu nyekundu. Ubavu wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa mtupu, na pembeni ameandika: *alikataa kugeuka*.